Wagenia: mahali pa raha pa Kisangani panaposimama kwa mikono ya wavuvi

KISANGANI, Tshopo – Jumapili mchana, baada ya misa na ibada, barabara inayotoka katikati ya mji kuelekea mashariki hujaa watu. Wengine wanakwenda kwa pikipiki, wengine kwa miguu, na wachache bado wanapanda toleka, zile baiskeli za abiria zilizoubeba mji huu miaka ambayo magari yalikuwa ya kuhesabu. Watoto wamevaa nguo za sikukuu. Vijana wanashika simu tayari kwa picha. Wote wanakwenda mahali pamoja: Wagenia, kwenye maporomoko.

Kisangani haina gurudumu kubwa la kupandia watoto, wala vigari vya kuzunguka vyenye taa na muziki. Lakini mji huu una mahali pake pa raha, tena pa zamani kuliko mji wenyewe. Pale mto unapopita juu ya miamba kwa kelele, pana msitu mwingine uliosimama ndani ya maji: mamia ya nguzo za miti zilizofungwa kwa kamba za porini, na vikapu vikubwa vinavyoning'inia juu ya povu. Mgeni anayefika mara ya kwanza huuliza kama ni daraja lililovunjika. Mwenyeji hucheka na kumwambia: hapana, hiyo ni mitego ya samaki.

Hiyo ndiyo tofauti ya Wagenia na bustani nyingine za raha duniani. Hapa kinachowavuta watu hakikujengwa kwa ajili ya kuwafurahisha. Ni kazi, na ni chakula cha familia. Raha imekuja baadaye, ikakaa juu ya kazi hiyo. Ndiyo maana swali la nani atasimika nguzo hizi kesho linauhusu mji mzima, si wavuvi peke yao.

Mahali mto unapobadilisha jina

Maporomoko ya Wagenia ni ya mwisho kati ya saba yanayoitwa kwa jumla maporomoko ya Boyoma. Yote saba yamepangana kwenye umbali wa zaidi ya kilomita 100, kati ya Ubundu na Kisangani. Hakuna hata moja lililo refu sana, kwani kila moja halizidi mita tano hivi, na kwa jumla mto unashuka mita zipatazo 60. Lakini wingi wa maji ni wa kutisha: kwa wastani mita za ujazo 17,000 kila sekunde. Kwa kipimo hicho, Boyoma iko kati ya maporomoko makubwa kabisa duniani, ingawa urefu wake hauwezi kushindana na wa mengine yenye sifa.

Juu ya maporomoko, mto unaitwa Lualaba. Chini yake unaitwa Kongo. Mtu anayesimama kwenye miamba ya Wagenia anaona mto ukibadilisha jina mbele ya macho yake. Kuanzia hapo maji yanatulia, na meli zinaweza kushuka hadi Kinshasa, safari ya kilomita 1,734 bila kukutana na poromoko lingine la kuzuia njia.

Jina la mji nalo limetoka majini. Wengi hulieleza kwa neno kisanga, yaani kisiwa, pamoja na ile -ni ya Kiswahili inayoonyesha mahali: Kisangani, penye kisiwa. Wazungu waliuita Stanleyville, lakini wenyeji hawakuacha jina lao, na mwaka 1966 serikali ililirudisha rasmi. Boyoma ni jina lingine ambalo mji unalibeba kwa fahari hadi leo.

Mti ndani ya mwamba

Wanaoitwa Wagenia kwa Kiswahili ni watu wa kabila la Enya. Kiambishi wa- cha Kiswahili kilishikamana na jina lao, na hivyo ndivyo dunia ilivyowajua. Vijiji vyao viko kando ya mto, ndani ya komini ya Kisangani, mojawapo ya komini sita za mji.

Siri ya kazi yao inaanza kwenye mwamba. Kwa maelfu ya miaka maji yametoboa matundu ndani ya jiwe. Maji yakipungua, wavuvi husimika magogo marefu katika matundu hayo, kisha huyaegemeza pamoja kama mafiga, matatu matatu, na kuyafunga kwa kamba za msituni. Juu yake hulazwa miti mingine ya kukanyagia. Hakuna msumari wala simenti. Kamba ya porini ikiloa hukaza, na mkondo wenyewe unausukuma mti dhidi ya jiwe, hivyo nguvu inayotaka kuubomoa mtego ndiyo pia inayousaidia kusimama.

Kwenye magogo hayo hufungwa vikapu vyenye umbo la pembe, vipana mdomoni na vyembamba mkiani, vingine virefu kuliko mtu. Mdomo wa kikapu huelekea kule maji yanakotoka. Samaki anayepita kwenye mkondo husukumwa ndani, na akishaingia hawezi kugeuka, kwa sababu maji yanamkandamiza hadi mwisho wa kikapu. Hakuna chambo, hakuna ndoano. Maji ndiyo yanayovua.

Mara mbili kwa siku wavuvi huenda kuangalia. Wanatembea juu ya magogo yenye utelezi, maji yakiunguruma chini ya miguu, na kuvuta kikapu juu kwa kamba. Kikikwama, kijana huruka ndani ya maji na kukikwamua. Watoto wa Wagenia hujifunza kuogelea kwenye mkondo huu mapema, na ndiyo maana mgeni huwaona wakijirusha kutoka juu ya miamba kwa kicheko, pale ambapo yeye mwenyewe anaogopa hata kunawa miguu.

Kuna jambo jingine ambalo wasomi wa mto wanalisifu. Vikapu hivi vina nafasi kati ya fito, kwa hiyo samaki wadogo hupita na kwenda zao. Wanaobaki ni wakubwa: kapitene, mboto, mbenga mwenye meno kama msumeno. Wakati nyavu za matundu madogo zinalalamikiwa kila mahali mtoni kwa kuzoa hata vifaranga, mtego wa mababu unaacha mbegu ya kesho.

Walioshika njia ya mto

Historia iliyoandikwa ya mahali hapa inaanza mwishoni mwa Januari 1877, Henry Morton Stanley alipofika kwenye poromoko la saba. Alikuwa ameagana na Tippu Tip mwezi mmoja hivi uliotangulia, na kuyapita maporomoko yote kulimchukua zaidi ya wiki tatu, akiburuta mitumbwi nchi kavu na kupigana na watu ambao hawakumwita. Katika maandishi yake alieleza nguzo na vikapu alivyoviona ndani ya maji. Maana yake ni kwamba wakati Mzungu wa kwanza anafika, kazi hii ilikuwa tayari ni ya siku nyingi.

Stanley alirudi mwaka 1883 na mwezi wa Desemba akaweka kituo karibu na maporomoko. Lakini wenye nguvu kwa wakati huo walikuwa wafanyabiashara kutoka Zanzibar na watu wao. Kituo kilishambuliwa mwaka 1886, na mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe alikubali kuwa wali wa eneo hilo kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold. Utawala wa Waarabu ulivunjwa kwa vita miaka ya 1892 hadi 1894. Kilichobaki ni lugha. Kiswahili kinachosemwa leo sokoni Kisangani, bega kwa bega na Lingala, kiliota mizizi wakati huo, wakati wa pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Ni kumbukumbu chungu, lakini ndiyo asili ya lugha ambayo mashariki yote ya Kongo inajivunia.

Katika miaka hiyo yote, Wagenia walikuwa wenye njia. Hakuna aliyeweza kupitisha mizigo na mitumbwi kwenye maporomoko bila wapiga makasia wao. Waarabu waliwahitaji, na Wabelgiji pia. Mambo yalibadilika mwaka 1906, reli ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, ilipofunguliwa. Mizigo ikapanda treni. Wagenia wakabaki na samaki wao, na polepole wakaanza kupokea aina mpya ya abiria: watazamaji.

Wakati wa watalii

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, picha za wavuvi wa Wagenia zilisambaa kwenye kadi za posta na katika vitabu vya safari. Stanleyville ilikuwa mahali ambapo meli za kutoka Leopoldville ziliishia, na msafiri aliyefika hapo hakuondoka bila kupelekwa kwenye maporomoko. Wapiga makasia walimvusha kwa mtumbwi mrefu, wakiimba na kupiga makasia kwa mpigo mmoja. Mchezo huo haujafa: hadi sasa mgeni akifika na kupatana bei, wanaume husimama ndani ya mtumbwi na kuukatiza mkondo wakimwonyesha ustadi wao.

Hata watu wa sinema walipita mji huu. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville. Filamu hiyo ilimpa Bogart tuzo ya Oscar. Mwaka 1958 akaja Fred Zinnemann pamoja na Audrey Hepburn kwa ajili ya The Nun's Story, iliyopigwa Stanleyville na Yakusu. Kwa miaka michache, mto wa Boyoma ulionekana kwenye kumbi za sinema za Ulaya na Marekani, ingawa wenye mto walionekana kwa mbali tu, kama mapambo.

Ndani ya vijiji, hata hivyo, maisha hayakuwa maonyesho. Mwaka 1970 Wagenia walifanya jando la wavulana wao, na mtafiti Mholanzi André Droogers alikuwepo kuliangalia. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1980 kinaeleza jando hilo kama safari ya hatari, safari ambayo mtoto hutoka upande mmoja na kufika upande mwingine akiwa mtu mzima. Kwa watu wanaoishi kwa kuvuka maji makali, mfano huo haukuhitaji kutafutwa mbali.

Bustani ya wanyama na ufuo wa Tshopo

Wagenia haikuwa peke yake. Wakati wa ukoloni mji ulipata pia bustani ya wanyama, kando ya mto Tshopo, karibu na bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1950. Vizazi vya wanafunzi wa Kisangani vilipelekwa huko na walimu wao kuwaona wanyama wa msitu ambao baba zao waliwajua kwa kuwinda tu. Ufuo wa Tshopo, hatua chache kutoka hapo, ukawa mahali pa kuogelea, pa kunywa kinywaji baridi na pa kula samaki wa maboke na lituma, ile ndizi ya kutwanga ambayo mtu wa Tshopo akiikosa mezani huona kama hajala.

Leo bustani hiyo ni kivuli cha ilivyokuwa. Vita na ukosefu wa matunzo vilimaliza sehemu kubwa ya wanyama. Watu bado wanakwenda, lakini wanafuata miti, hewa na sauti ya mto zaidi kuliko vizimba. Wazazi huwaonyesha watoto mahali mnyama fulani alipokaa, na watoto huangalia kizimba kitupu wakijaribu kuamini.

Ukilinganisha sehemu hizi mbili unapata fundisho. Bustani ya wanyama ilihitaji mshahara wa kila mwezi, nyama ya kila siku, daktari na bajeti ya serikali. Bajeti ilipokauka, vizimba vilibaki tupu. Wagenia haikutegemea bajeti ya mtu. Kila familia ilikuwa na sehemu yake ya kuvulia, iliyorithiwa, na kila familia ilijua kwamba ikiacha kusimika nguzo haitakula. Kwa hiyo mahali pa raha pa wavuvi palidumu, wakati mahali pa raha pa serikali palififia.

Siku sita za Juni

Mji huu umeona mengi. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka kutoka angani. Lakini jeraha ambalo vijana wa leo wanalikumbuka kupitia wazazi wao ni la mwaka 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda, mawili yaliyokuwa wageni wote, yalipigana katikati ya Kisangani. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mji. Mapigano yalikuwa makali upande wa daraja la Tshopo, umeme na maji vikakatika, na mamia ya raia wakauawa. Ufuo wa raha uligeuka mstari wa mbele.

Mwaka 2022, tarehe 9 Februari, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu ilioufanya katika vita vya miaka ile, si Kisangani tu bali na kwingineko. Mfuko wa kuwalipa waathirika uliwekwa makao yake Kisangani. Pesa inaweza kujenga nyumba upya, lakini haiwezi kurudisha Jumapili ambazo mtoto alizikosa kwa sababu njia ya mtoni ilikuwa na maiti.

Ndiyo maana kwenda Wagenia si matembezi ya bure kwa mtu wa Kisangani. Mji uliokoma kuhesabu misiba yake unahitaji mahali ambapo watu wanakutana bila kuulizana kabila wala chama. Haja hiyo ilionekana tena mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipozuka upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, na maelfu ya watu wakavuka kukimbilia mjini. Mto uleule unaowagawa watu wa kingo mbili ndio unaowakutanisha Jumapili.

Nani atasimika mti kesho?

Hatari ya Wagenia leo si bomu. Ni mambo madogo yanayojumlika. Magogo yanayofaa ni lazima yawe marefu na magumu, na msitu unarudi nyuma kila mwaka mji unapopanuka na makaa yanapotafutwa. Kuusimika mti mmoja kunahitaji wanaume wengi wenye nguvu na wanaoelewana. Kijana ambaye anaweza kupata franka za siku hiyohiyo kwa kuendesha pikipiki huipima kazi hiyo mara mbili kabla ya kuingia majini. Na maarifa yenyewe hayamo katika kitabu chochote cha shule: tundu lipi linashika gogo nene, kamba ipi haiozi haraka, maji ya rangi gani yanaonyesha kwamba mto utapanda usiku.

Upande wa wageni nao kuna kazi. Kwa desturi, anayekuja kutazama hujitambulisha kwanza kwa wakuu wa kijiji na kulipa kitu. Desturi hiyo ni ya haki, maana watu hawa hawapokei mshahara wa kuwa kivutio. Lakini bei isiyoandikwa popote huzaa mabishano, na mgeni anayebishana mlangoni huondoka na uchungu badala ya sifa. Kibao kimoja chenye bei inayojulikana, kitabu cha mapato kinachosomwa mbele ya kijiji, na choo safi kwa wageni ni mambo yasiyohitaji wafadhili wakubwa.

Kisangani inao watu wa kusaidia. Chuo kikuu chake, kilichoanza mwaka 1963, kina wataalamu wa samaki na wa msitu. Mwaka 2010 wanasayansi 67 walisafiri siku 47 kwenye mto Kongo kuanzia hapa ili kuhesabu viumbe vyake, na matunda ya safari ile yaliutia mji moyo wa kuwa kituo cha elimu ya msitu na mto. Elimu ya mvuvi wa Wagenia inastahili kuandikwa katika daftari hilohilo, kwa Kienya, kwa Kiswahili na kwa Lingala, wazee wanaoijua wakiwa bado wanaweza kupanda juu ya magogo na kuonyesha kwa kidole.

Jua linaposhuka, wageni hupanda pikipiki zao na kurudi Makiso, Mangobo na Kabondo. Kelele za watoto hupungua, ile ya maji haipungui. Wavuvi hurudi juu ya magogo kwa mzunguko wa pili wa siku, mmoja akivuta, mwingine akishika kamba, wa tatu akiangalia mkondo. Kikapu kikitoka na kapitene mzuri, mtu aliyebaki ukingoni hupiga makofi. Mvuvi hainamishi kichwa kama mchezaji jukwaani. Anamtoa samaki, anakirudisha kikapu majini, na kwenda kwenye nguzo inayofuata.